Kifua cha Kazi Moja

Kwetu Kalemie siku za juma tunazihesabu kwa kazi. Jumatatu tunaiita kazi moja, Jumanne kazi mbili, Jumatano kazi tatu, mpaka ufike siku ya posho, yaani Jumamosi, halafu siku ya Mungu, Jumapili. Wafanyabiashara wa Kigoma wakivuka ziwa kuja kuuza mali zao hutucheka, wanasema sisi hata kalenda tulipewa na mabosi. Nawaacha wacheke. Naanza na hesabu hiyo kwa sababu ndani yake ndimo ugonjwa wangu ulimojificha, na kwa sababu ya hesabu hiyo nilimharibia jina mama mkwe wangu, mwanamke ambaye hakuwahi kunikosea kitu.

Pumzi yangu imerudi, si yote. Mlima wa kwenda kanisani naupanda kwa kupumzika mara mbili, na mtaa mzima unayajua mawe mawili ninayokalia. Siandiki nipewe pole. Naandika kwa ajili ya yule anayefanya kazi penye vumbi la pamba, au la katani, au la unga, ambaye kifua chake kina siku yake ya kuuma, na nyumbani kwake watu wameanza kutazamana vibaya.

Ilikuwa miaka ya Zaire, tulipokuwa tunaitana sitwayeni, yaani raia, na tai ni marufuku shingoni. Nilikuwa na mke, Sifa, na watoto wawili, na kazi ambayo wengi waliitamani, kwenye mashine za kuchana pamba katika kiwanda cha nguo. Mama yake Sifa, Mama Ngoya, mjane wa kutoka Nyunzu, alikaa nasi katika kijumba cha nyuma ya nyumba yetu.

Marobota ya pamba yalitufikia kwa treni kutoka bara. Mengine yalikuwa yamelowa mvua njiani, na ukikata nyaya zake harufu ya uvundo ilikupiga usoni. Tuliyafungua, tukaivuruga pamba, tukailisha mashine. Vumbi lake halikutua haraka, lilielea tu mbele ya madirisha siku nzima, na lilipotua lilitua juu ya nyusi zetu. Kijana wa miaka ishirini alitoka mle ndani ana mvi za babu yake.

Kila kazi moja, saa nne hivi, kifua kilianza kukaza, kama mtu aliyenifunga kitambaa mbavuni na sasa anakivuta polepole. Kufika saa sita nilikuwa na homa kidogo, viungo vinauma, na kikohozi kikavu kisichotoa kitu. Jioni nilirudi nyumbani nikaketi kizingitini kwa sababu hatua kumi za kufikia kitanda zilikuwa nyingi. Kazi mbili kilipungua. Kazi tatu nilikuwa mzima kabisa, nabeba robota na mwenzangu na mzaha juu. Siku ya Mungu niliimba besi kwaya, na watu walisema mabati yanatetema.

Mkubwa wetu pale kwenye mashine alikuwa Papa Lumbwe, mtu mrefu mwenye maneno machache, aliyekaa na pamba muda mrefu kuliko sisi wote. Mara ya kwanza aliponiona nimeinama nakohoa alinipigapiga mgongoni.

"Hii njo kazi moja," alisema. "Kifua iko kama mulimaji. Kikilala siku moja, kinasahau jembe. Kunywa maziwa, kesho kutwa utakuwa muzima."

Maziwa tulipewa kila siku, kikombe kimoja kwa kila mtu wa pamba, na tuliamini yanaosha kifua. Basi nilikunywa. Mtu akikosa kufika kazini siku ya kazi tatu tuliuliza kulikoni. Akikohoa kazi moja hatukuuliza kitu.

Mvua za kwanza zilipita hivyo, na za pili. Mvua za tatu, kazi moja ilianza kuingia ndani ya kazi mbili, kisha ndani ya kazi tatu. Suruali ilinipwaya nikatoboa mkanda tundu jipya, kisha jingine. Sauti ilianza kukatika katikati ya wimbo. Nilikwenda kwenye zahanati, na hapo ndipo nilipojifunza kusubiri. Kulikuwa na benchi refu la mbao chini ya dirisha, na kazi moja lilijaa watu wa pamba, kila mmoja ameweka viganja juu ya magoti akitafuta hewa. Kazi tatu benchi lile lilikuwa tupu. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini.

"Jana ulikunywa ngapi?" muuguzi aliniuliza kabla sijaketi vizuri.

"Miye sinywake pombe, Papa. Niko mwimbaji ku kanisa."

"Bote banasemaka vile kazi moja."

Alinipa vidonge vya homa na dawa ya maji ya kikohozi, tamu kama sharubati. Niliporudi mara ya nne alinituma hospitali kwa picha ya kifua. Kule nilipewa kikopo chenye kifuniko, niteme ndani yake asubuhi tatu. Asubuhi tatu hizo Sifa aliwatenga watoto na kikombe changu, na mimi nilikaa kwenye ukumbi wa kusubiri pamoja na watu waliokonda kuliko mimi, kila mmoja na kikopo chake, tukikwepa kutazama mikono ya wengine. Jibu lilitoka kwamba sina kifua kikuu. Sifa alilia kwa furaha. Furaha hiyo haikumaliza mwezi, kwa sababu ugonjwa wenye jina hutafutiwa dawa, na usio na jina hutafutiwa mtu.

Aliyemtafuta ni Yaya Mwange, dada yangu mkubwa, aliyenilea mama yetu alipofariki. Simsingizii nia mbaya. Alinipenda, na aliogopa kunizika. Siku moja alikuja, akaketi kwenye mkeka, akakunja vidole kimoja kimoja.

"Siku ya posho uko muzima?"

"Muzima."

"Siku ya Mungu asubui unaimba."

"Naimba."

"Kisha unatoka ku kanisa, unakula. Na kazi moja unataka kufa. Sasa, mudogo wangu, siku ya Mungu nani anapikaka hapa?"

Siku ya Mungu mimi na Sifa tulibaki kanisani kwa mazoezi ya kwaya, kwa hiyo Mama Ngoya ndiye aliyepika. Alitwanga mwenyewe sombe, majani ya mihogo, akaipika na mawese na ndakala, dagaa wa ziwani, akasonga bukari, ugali wetu. Kisha alileta sahani zikiwa zimefunikwa, akaziweka mlangoni, akakohoa kidogo kujulisha kwamba zimefika, akaondoka. Kwetu mama mkwe hamtazami mkwewe akila, wala mkwe hatafuni mbele yake. Heshima hiyo tunaiita buko. Miaka sita tuliishi uwanja mmoja, na sikuwahi kumwona akimeza hata tonge.

"Chakula kinakuja kimefunikwa," Yaya alisema, "na mwenye kukipika anakimbia." Halafu akamalizia kwa methali aliyoletewa na mumewe, mchuuzi wa samaki, kutoka Kigoma: "Kikulacho ki nguoni mwako."

Nitasema wazi: niliamini. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa nimechoka kuogopa kitu nisichokijua, na sasa nilipewa kitu chenye uso na kijumba nyuma ya nyumba yangu. Hata sababu tuliipata haraka, maana niliwahi kukataa mtoto wetu wa kwanza asipelekwe Nyunzu kulelewa na bibi yake. Mtu anayetafuta kinyongo hakikosi.

Waliitwa wajomba zangu wawili. Siku ya Mungu iliyofuata, baada ya kanisa, walimketisha Mama Ngoya kwenye mkeka mbele yangu, sahani yangu katikati. Yaya alimwambia aonje kila kitu kwanza, mbele ya macho yangu. Sifa alisimama mlangoni, ametupa mgongo. Mama Ngoya aliitazama sahani. Nadhani alikuwa akinisubiri nimwambie ainuke. Sikumwambia. Basi alimega tonge, akachovya, akatafuna kichwa kikiwa chini, akameza, akafungua mdomo kuonyesha kwamba hakuna kilichobaki, kama mtoto aliyepewa kinini. Alionja sombe, akaonja samaki, akaonja hadi maji. Kisha nikala mimi, naye analazimishwa kunitazama.

Kesho yake saa sita nilikuwa nimelala juu ya magunia nakohoa. Jioni nilimwambia Yaya kwamba mama amekula chakula kile kile na haumwi. Yaya alinitazama kama mtu anayemwonea mwenzake huruma.

"Mwenye sumu, dawa yake haijue?"

Hapo ndipo nilipopaswa kuona kwamba tumemweka mahali pasipo na mlango. Niliitikia kwa kichwa tu, nikakubali.

Kazi mbili Mama Ngoya alipanda treni ya Nyunzu. Alibeba furushi moja na mchi wake wa kutwangia sombe, akaacha kinu. Sifa alimsindikiza stesheni, akarudi, akapika. Aliweka sahani yangu mlangoni imefunikwa, akakohoa kidogo, akaondoka. Kuanzia siku hiyo alinilisha hivyo, kama vile mimi ni mkwewe. Kwaya hakurudi.

Juma lile lile mvua kubwa iliangusha nguzo kwenye njia iliyotuletea umeme kutoka Bendera, na kiwanda kikasimama. Tulikaa nyumbani karibu majuma matatu. Kazi moja ya kwanza ikapita sikukohoa. Ya pili nayo ikapita. Nilianza kulala chali, jambo nililokuwa nimelisahau. Nilicheza na watoto, nikapanda mlima bila kupumzika. Yaya alikuja na kuku mweupe wa shukrani, akapiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje.

"Muliona?" aliwauliza. "Mwenyewe ameenda, na kifua kimefunguka."

Walikuwa wameona. Mji wetu ni wa reli. Maneno hupanda treni bila tikiti, na habari hii ilifika Nyunzu kabla Mama Ngoya hajamaliza kufagia nyumba yake. Kila pumzi nzuri niliyovuta majuma yale ilikuwa ushahidi dhidi yake.

Umeme ulirudi siku ya kazi tatu. Tuliingia asubuhi, tukakuta vumbi limelala juu ya mashine kama blanketi, tukalifagia, tukawasha. Saa nne kitambaa kikaanza kuvutwa mbavuni. Sikutaka kuamini, nikaendelea kulisha mashine. Saa tano sikuweza kusema sentensi nzima. Saa sita nilianguka. Nikiwa sakafuni niligeuza kichwa nikaona wenzangu wote wa pamba wameinama, huyu kashika nguzo, yule kaketi juu ya robota, hata Papa Lumbwe, uso wake una rangi ya majivu. Bado alijaribu kutania.

"Leo," alisema, akavuta hewa, "kazi tatu njo kazi moja."

Nilimsikia vizuri sana. Haikuwa kazi moja. Jana yake haikuwa siku ya Mungu. Nilikuwa nimekula mihogo ya kuchemsha niliyoichemsha mwenyewe, na Mama Ngoya alikuwa Nyunzu. Kifua hakikuwa kikihesabu kutoka siku ya Mungu. Kilihesabu kutoka siku tuliyopumzika. Niliyaelewa yote pale chini, na niliona haya kuliko nilivyoona maumivu.

Hospitalini walinichoma sindano mshipani, dawa waliyoisukuma taratibu mno, moyo ukanidunda hadi masikioni. Nilikaa wodini hadi mvua zilipokatika. Nililala nimeketi, kifua juu ya mto, kwa sababu nikilala chali nilizama. Mashimo juu ya mabega yaliingia kidole. Sifa aliniosha asubuhi na jioni bila neno, mikono yake haikuwa mikali wala laini. Mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mumewe kitanda cha pili alikata kipande cha katoni akanipepea kila alipompepea wake, na sikuwahi kujua jina lake. Hayo ndiyo mema ya wodini, ni madogo lakini usiyadharau.

Ajabu ni kwamba kifua sasa kilikasirika kwa kila kitu. Jamaa za wagonjwa walipikia nje, na moshi wao ukipita dirishani kifua kilifunga. Harufu ya manukato ya mgeni, kikafunga. Upepo wa ziwa wa alfajiri, kicheko kirefu, hata sabuni ya kufulia. Kabla ya hapo pamba peke yake ndiyo iliyoniudhi. Sasa nilikuwa kama nyumba yenye ugomvi, ambamo hata kijiko kikianguka watu wanapigana.

Siku moja alipita daktari mpya, mwanamke kijana, mwenye daftari dogo. Wengine waliniuliza ninaumwa wapi. Yeye aliniuliza ninafanya kazi gani, na nikipumzika inakuwaje, na nikirudi inakuwaje. Nikamsimulia kazi moja, na umeme kukatika, na kazi tatu. Aliandika, kisha akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Pamba ile inaozaka kidogo kidogo, Papa. Kuna vidudu ndani, haviwezi kuonekana na macho. Hata vikikufa, vinaacha sumu yabo mu vumbi. Ile njo unavuta. Ukipumuzika, mwili unatulia. Ukirudia, unashituka upya."

Nilimwomba arudie neno lile moja.

"Sumu," alisema.

Sifa alikuwa akikunja shuka. Mikono yake ilisimama. Aliketi chini, pale pale sakafuni, shuka mapajani.

"Basi sumu ilikuwako," alisema. Ndiyo sentensi ya kwanza kamili aliyoniambia tangu stesheni.

Na mimi nikaikumbuka methali ya Yaya. Kikulacho ki nguoni mwako. Tulikuwa tumeambiwa ukweli mtupu, tena kwa Kiswahili safi, nasi tulikuwa watu wa kiwanda cha nguo. Tukaenda kutafuta kwenye sufuria.

Nilipotoka walinihamishia getini, mbali na pamba. Kiangazi kile kilikuwa kibaya, majani yanachomwa milimani na moshi unashuka mjini. Papa Lumbwe hakuhama. Alisema amebakiza kidogo apumzike. Alikufa kabla ya mvua za kwanza, siku ya Mungu, ameketi kitini. Msibani wenzake walisema, kwa ule utani wa kilio, kwamba mzee ameikwepa kazi moja. Nilicheka nao nikakohoa hadi nikatolewa nje.

Ungedhani nilikimbilia Nyunzu siku niliyopata nguvu za kutembea. Sikukimbia. Nilijiambia kifua hakiwezi safari, nikajiambia nasubiri mvua zioshe moshi. Ukweli ni kwamba niliogopa uso wake. Mpaka Sifa alipokuja getini siku moja mchana, mtoto mgongoni.

"Miye nakungojea weye tu," alisema. "Mama hatangojea sana. Ameanza kuwa muzee."

Yaya hakuja nasi. Alituma kitambaa kizuri cha maua, kimefumwa kwenye kiwanda chetu, izine kama tulivyokiita, apewe Mama Ngoya. Sifa alikigeuza upande huu na upande huu.

"Hii ya ku izine? Apana," akamrudishia Yaya.

Tulifika Nyunzu siku ya posho mchana. Njia ya kwenda nyumbani kwake ilikuwa imeota majani, na mtu wa kijijini anajua maana ya njia kuota majani. Zamani aliishi kwa kuuza sombe iliyotwangwa sokoni. Sasa nani angenunua sombe kwa mwenye sumu? Alikuwa amekonda kuliko mimi. Nilipiga magoti uwanjani, mbele ya majirani waliokuja kumwona mgonjwa wa Kalemie, nikasema yote: pamba, vumbi, daktari, kosa langu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nimesikia," alisema. "Lakini maneno ya kunichafua yalifika hapa na treni, na watu banayaamini kuliko haya. Maneno haitoshe. Utakula hapa kesho, siku ya Mungu. Kisha kazi moja utaketi hapa, mbele yabo, mpaka saa sita. Utasema na kifua."

Sifa alinitazama. Yeye na mimi tulijua jambo ambalo mama yake hakulijua, kwamba kifua changu hakikuwa tena shahidi wa kuaminika. Pamba ilikuwa mbali, ndiyo. Lakini moshi wa kuni tu ungetosha. Nikikohoa pale kazi moja, nimemzika akiwa hai.

Nilikubali.

Siku ya Mungu alipika. Alileta sahani mwenyewe, bila kifuniko, akaketi mbele yangu, majirani wamesimama. Sikuwa nimemwomba, wala hakuna aliyemwomba, lakini alimega tonge la kwanza, akatafuna, akameza, akafungua mdomo. Sombe vilevile. Maji vilevile.

"Mama, basi," nilimwambia.

"Njo namna napikaka sasa," alijibu.

Jirani mmoja aliniambia baadaye kwamba hufanya hivyo kwa kila mtu. Hata mtoto wa njiani akimwomba maji, anaonja kwanza. Nilikula chakula kile chote, na sijawahi kula kitu kigumu kama kile.

Kazi moja waliketi wanawake sita au saba, na wazee wawili. Sifa alikaa karibu nami, vidonge vyangu amevifunga kwenye pindo la nguo. Kuvimeza mbele ya watu wale kungekuwa kama kukiri. Saa tatu ilikuwa njema. Saa nne ilikuwa njema, na watu wakaanza kuongea habari za mihogo. Mama Ngoya alikuwa amepika kunde pembeni ya uwanja kwa kuni mbichi. Kama saa tano upepo uligeuka.

Moshi ulikuja chini chini. Nilihisi kitambaa kikishikwa mbavuni. Nilifanya nilivyojifunza wodini, kuvuta kidogo kwa pua na kutoa polepole kwa midomo iliyobanwa, uso mkavu, kama mtu anayefikiri. Koo liliwasha. Machozi yalikuja nikayaacha. Nilihesabu mawe ya jiko, nikayahesabu tena. Sauti ndogo ya filimbi ilikuwa imeanza ndani ya kifua, na nilijua kwamba ikipanda kidogo tu mzee aliye karibu ataisikia.

Mama Ngoya alikuwa ananitazama. Hakutazama uso, alitazama lile shimo chini ya koo, linapoingia na kutoka. Aliinuka bila haraka, akavuta kuni, akaufunika moto kwa mchanga hadi moshi ukafa.

"Kunde ziko tayari," alisema.

Hazikuwa tayari. Alipozimimina kwenye sahani sote tulizisikia zikigonga. Hewa ilisafika kidogo kidogo, filimbi ikashuka, nami nikabaki nimeketi wima, jasho linanitiririka mgongoni, hadi kengele ya misheni ilipolia.

"Saa sita," Mama Ngoya alisema. "Muliona."

Walisimama mmoja mmoja, wakakung'uta nguo. Mama mmoja alijizungusha pale kitambo, kisha akauliza kama kesho atatwanga sombe ya sokoni. Mama Ngoya akasema atatwanga.

Walipoondoka koo langu lilikuwa kavu hata siwezi kumshukuru. Alichota maji mtungini kwa kikombe, akakiinua mdomoni kwake kama alivyozoea. Kikafika karibu na midomo, kikasimama. Alikishusha, akanipa bila kuonja. Kisha akageuza uso pembeni, kama mama mkwe anavyotakiwa, ili asinione nikinywa.